Tangazo moja la ajira, kazi mbili ndani yake

Aprili 2027, Halmashauri ya Kaunti ya Surrey, kusini-magharibi mwa London, itavunjwa pamoja na halmashauri 11 za wilaya zilizomo, na mahali pake zitaanza kazi mamlaka mbili mpya, East Surrey na West Surrey. Kaunti nyingine za England zinafuata njia hiyo hiyo, nyingi zikilenga Aprili 2028. Kila mamlaka mpya itatakiwa kisheria kumteua mkurugenzi wa huduma za jamii kwa watu wazima, yaani afisa anayebeba dhamana ya wazee, watu wenye ulemavu, wagonjwa wa akili na wale wanaowatunza. Palipokuwa na kiti kimoja vitakuwa viwili, kwingine zaidi, wakati hata viti vilivyopo leo vinasumbua kujazwa. Maelezo yanayosikika ni kwamba watu wenye uwezo hawapo, au mshahara hauvutii. Naona maelezo yote mawili yanakosa shabaha. Watu wapo. Kinachowakimbiza ni tangazo linaloita kazi mbili zinazovutana kwa jina moja, bila kusema ni ipi itakayopewa nafasi siku zitakapogongana.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoijadili hawajaitazama kwa karibu. Sheria ya mwaka 1970 ya huduma za jamii katika serikali za mitaa, iliyotungwa baada ya ripoti ya kamati ya Frederic Seebohm ya 1968, ndiyo iliyoziamuru halmashauri ziwe na mkurugenzi wa huduma za jamii. Kwa zaidi ya miaka 30 mkurugenzi huyo alishika watoto na watu wazima pamoja. Kisha Sheria ya Watoto ya 2004, iliyozaliwa na uchungu wa kifo cha mtoto Victoria Climbié mwaka 2000, ikatenganisha dhamana: watoto wakapata mkurugenzi wao, na watu wazima wa kwao. Kifungu cha 6 cha sheria ile ya 1970 kingali kinatumika, na kina agizo ambalo ningependa kila diwani alisome kabla ya kuketi kwenye usaili: halmashauri iliyomteua mkurugenzi inawajibika kuhakikisha anapata watumishi wa kutosha wa kumsaidia kazi yake. Hakuna mahali palipoandikwa "fedha zikiruhusu". Juu ya msingi huo ikajengwa Sheria ya Huduma ya 2014. Inaitaka halmashauri impime mahitaji mtu yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, awe tajiri au fukara. Itimize mahitaji ya anayestahili. Ichunguze kila dalili kwamba mtu dhaifu ananyanyaswa. Na iangalie soko la watoa huduma, ili makao ya wazee yakifunga milango ghafla wakazi wasijikute barabarani. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na kiwango hicho hakijasogezwa tangu 2010. Halmashauri 153 zinatekeleza haya yote, na kwa mwaka mmoja zinapokea maombi mapya ya msaada zaidi ya milioni 2. Ninazungumzia England peke yake. Uskoti na Wales zina sheria zao.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hili haliko mbali kama linavyoonekana. Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo wengi walioko England waliingia katika maisha ya nchi ile kupitia kazi ya kea, kama tunavyoiita wenyewe, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Saa moja asubuhi unafungua mlango wa nyumba ya kwanza. Ni bibi wa miaka 91, mkono wake wa kushoto haunyanyuki tangu apate kiharusi. Ratiba kwenye simu inasema dakika 30: umwoshe, umvishe, umpe dawa, umtengenezee uji wa shayiri, uandike taarifa. Siku dakika hizo zinapokatwa kuwa 15, cha kwanza kuondoka ni maongezi. Cha pili ni kumwacha ajaribu kufunga vifungo vya sweta yake mwenyewe. Unamfungia wewe, maana ndiyo haraka, na baada ya miezi michache vidole vyake vimeshasahau. Kwa muda mrefu nililaumu mpangaji wa ratiba ofisini. Nilichelewa kuelewa kwamba dakika zile zilitoka kwenye bei ya saa moja ambayo kampuni ilikubaliana na halmashauri, na kwamba bei hiyo huwa imepita mezani kwa mkurugenzi. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya afya na huduma za jamii, ilishauri tangu 2015 kwamba ziara ya nyumbani isipungue nusu saa ila kwa sababu maalumu. Ushauri upo, bei ndiyo inayoamua kama utafuatwa. Kwa hiyo tunapouliza nani anateuliwa kuwa mkurugenzi, tunauliza pia nani atakayekuwa na ujasiri wa kusema kwamba kwa bei hii vifungo vya bibi yule havitafungwa na bibi yule.

Sasa turudi kwenye tangazo. Kazi ya kwanza iliyomo ni ya mlinzi wa haki: mtu ambaye sheria imemkabidhi watu wasioweza kujisemea, na ambaye hana ruhusa ya kusema bajeti imekwisha mwezi wa Novemba. Kazi ya pili ni ya mbana matumizi. Huduma za watu wazima ndizo zinazokula sehemu kubwa kuliko zote ya fedha za halmashauri zinazozisimamia, hivyo mwaka ukiwa mgumu macho yote hugeukia huko. Tumeona Northamptonshire mwaka 2018, Croydon mwaka 2020, Birmingham na Nottingham mwaka 2023 zikitoa taarifa ya kifungu cha 114, ambayo ni kukiri rasmi kwamba hesabu hazilingani na kwamba matumizi mapya yasiyo ya lazima yasimame. Baada ya hapo kila halmashauri inayoajiri inaajiri kwa hofu. Matangazo hujaa maneno ya mageuzi, ufanisi na uendelevu, na msomaji mzoefu anajua kusoma kilicho chini yake: njoo upunguze. Mshika mawili moja humponyoka, na mwombaji makini anataka kujua mapema ni lipi ataambiwa aliachie.

Mzigo wenyewe nao hupanda kwa njia ambazo mkurugenzi hazitawali. Chukua mfano mmoja ambao watu wa nje hawausikii sana. Machi 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi inayojulikana kwa jina la Cheshire West, ikapanua maana ya mtu kunyimwa uhuru wake anapotunzwa hospitalini au kwenye makao. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye milango inafungwa asitoke peke yake, na ambaye hawezi kutoa ridhaa, lazima sasa uamuzi wa kumfungia ukaguliwe na halmashauri. Kabla ya hukumu ile maombi ya ukaguzi huo yalikuwa takriban 13,000 kwa mwaka katika England nzima. Mwaka 2022/23 yalizidi 300,000. Ni haki nzuri, na majaji walisema kweli: kizimba kizuri bado ni kizimba. Ila kila ombi linahitaji mtu aliyefunzwa aende akaonane na mhusika, asome mafaili, aandike. Ombi linalokaa kwenye foleni ni mtu aliyefungiwa mahali pasipo uhakika kwamba sheria imefuatwa, na jina linalobeba lawama ni la mkurugenzi. Ongeza kwamba tangu mwishoni mwa 2023 Tume ya Ubora wa Huduma, CQC, imekuwa ikizikagua halmashauri na kuzipa daraja hadharani. Ninauunga mkono ukaguzi huo kwa moyo wote. Kwa miaka mingi makao ya wazee yalikaguliwa huku anayeyalipa haguswi. Lakini umeifanya hatari ya kiti hiki ionekane na kila anayefikiria kukikalia.

Wanaosema tatizo ni mshahara wana hoja, na haifai kuipuuza. Mkurugenzi hulipwa zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka karibu kila mahali, kiwango ambacho kwa mwongozo uliotolewa chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2011 kinatakiwa kupitishwa na baraza zima la madiwani. Halmashauri ndogo yenye hazina dhaifu haiwezi kushindana na kaunti tajiri. Upande wa pili, mhudumu anayelipwa karibu na kima cha chini, na asiyelipwa muda wa kutembea kati ya nyumba na nyumba, akisoma kiasi hicho gazetini moyo unamuuma, na ana haki ya kuumwa. Mimi nakubali kwamba mshahara usiolingana na wa jirani humfukuza mtu. Ila kuongeza dau juu ya jirani hakuongezi hata mkurugenzi mmoja nchini. Ni kumimina maji kutoka ndoo hii kwenda ile, na mengine yanamwagika njiani, kwa maana kila uhamisho unaacha miezi ya pengo nyuma yake. Walipe kiwango cha eneo, waishie hapo.

Kuna mvutano mwingine, mgumu zaidi kwangu kuuamua: je, lazima awe ametoka kwenye ustawi wa jamii? Sheria haimlazimishi kuwa afisa ustawi aliyesajiliwa. Wanaotaka iwe hivyo wanasema mtu asiyewahi kugonga mlango wa familia iliyochoka hawezi kujua taarifa inapoficha kitu. Wanaopinga wanataja manesi, wataalamu wa tiba kwa shughuli na maafisa makazi walioiongoza kazi hii vizuri, na wanakumbusha kwamba ukaribu na taaluma unaweza kumfanya mtu awatetee wenzake badala ya wananchi. Nimesikiliza pande zote na nimeishia katikati, nikiegemea wa kwanza. Cheti si sharti, ukaribu ndio sharti. Asiye afisa ustawi anaweza, mradi awe na afisa ustawi mkuu mwenye nguvu ya kumkatalia, na mradi awe amewahi kuona kwa macho yake kinachotokea huduma ikikatwa.

Hoja ninayoikataa moja kwa moja ni ile inayosema atafutwe meneja kutoka kwenye biashara, mtu asiyekuwa na huruma nyingi, aje abane. Inasikika kama hekima ya mtu aliyechoka na hasara, lakini inaanguka ukiigusa. Dukani meneja anaweza kuacha kuuza bidhaa isiyolipa. Halmashauri haiwezi kuacha kumhudumia mzee anayestahili. Kifungu cha 18 cha Sheria ya 2014 kinaamuru mahitaji yake yatimizwe. Meneja huyo akipunguza saa za huduma bila kupima upya mahitaji, familia itakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya serikali za mitaa au mahakamani, na itashinda. Akishusha bei wanazolipwa watoa huduma, baadhi watarudisha mikataba, na halmashauri itanunua nafasi za dharura kwa bei ya juu. Akipunguza maafisa ustawi, foleni ya kupimwa itarefuka, wagonjwa watakwama hospitalini ingawa wamepona, na mzee ambaye mwezi wa Mei angehitaji msaada wa saa mbili kwa siku atafika Oktoba akihitaji kitanda cha makao. Akiba ya kweli katika kazi hii hupatikana mapema na polepole: bafu lililowekewa vishikio kabla ya mtu kuvunjika nyonga, wiki sita za kumrudisha mtu kwenye nguvu zake baada ya kutoka hospitali. Anayeijua akiba ya namna hiyo ni mtu aliyekaa na kazi yenyewe miaka mingi, na usaili wa "utakata kiasi gani mwaka wa kwanza" humwondoa mezani kabla hajafungua mdomo.

Namna usaili unavyofanyika ni sehemu ya tatizo. Wagombea wa ngazi hii hupitishwa kwenye majopo kadhaa, la watumishi, la washirika kama hospitali, la watu wanaotumia huduma na wanaowatunza ndugu zao, kisha uamuzi unakwenda kwa madiwani. Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye jopo la watumiaji wa huduma, nikiwasemea wahudumu, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Tulikuwa sita kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Mmoja wetu alikuwa mama anayemtunza mwanawe wa miaka 34 mwenye usonji. Kila mgombea aliulizwa naye swali lile lile: "Nikifa, nani atamtunza, na ataishi wapi?" Wa kwanza akaeleza mkakati wa makazi wa miaka mitano. Wa pili akasema atalifuatilia. Wa tatu alinyamaza kidogo, akauliza kijana anaitwa nani na anapenda kufanya nini asubuhi, kisha akakiri kwamba kwa jinsi alivyosoma nyaraka za halmashauri ile, jibu zuri kwa sasa halipo, na akataja hatua mbili ambazo angezianza kabla mama yule hajawa mgonjwa. Sisi sita tulimpa wa tatu alama za juu. Madiwani walimchukua wa kwanza. Sidai kwamba alikuwa mtu mbaya, na huenda walikuwa na sababu. Ninachojua ni kwamba maoni yetu yalifikishwa kwao kwa mdomo, dakika chache kabla ya uamuzi, na hatukuelezwa kamwe yalipimwaje. Sheria ya serikali za mitaa ya 1989 inataka uteuzi ufanywe kwa sifa za mtu. Kama uwezo wa kumjibu mama yule kwa ukweli si sifa ya mkurugenzi wa huduma za watu wazima, basi sijui ni sifa gani itakayotangulia.

Halmashauri zilizobanwa huwa na njia mbili za kukwepa. Moja ni kumkodi mkurugenzi wa muda, anayelipwa kwa siku. Wako hodari miongoni mwao, na mahali palipoporomoka wanaweza kuzima moto. Lakini kazi hii inaendeshwa na uaminifu kati ya mkurugenzi, hospitali, watoa huduma na familia, na uaminifu hauji kwa mkataba wa miezi sita. Njia ya pili ni kugawana: sheria ya 1970 inaruhusu halmashauri mbili kumteua mtu mmoja. Katika kaunti zinazogawanywa wazo hili litarudi tena na tena, kwa kuwa linaonekana kuokoa fedha na kulinda huduma isipasuke. Nalielewa kwa mwaka wa kwanza wa mpito. Zaidi ya hapo linaleta matatizo, kwa sababu mwongozo wa serikali unamtaka mkurugenzi awajibike moja kwa moja kwa mtendaji mkuu, na mwenye watendaji wakuu wawili na mabaraza mawili yenye siasa tofauti atatumia nusu ya wiki yake kwenye vikao vya kueleza jambo lile lile mara mbili.

Watu wapo wapi, basi? Wapo kwenye ngazi moja chini. Kila halmashauri ina wasaidizi wa mkurugenzi na wakuu wa vitengo ambao wamewahi kusimamia ulinzi wa watu walio hatarini, wamejadiliana bei na makao, wamesimama mbele ya familia zenye hasira. Wengi wao wanamtazama bosi wao akilaumiwa kwa foleni asiyoweza kuimaliza, na wanaamua kubaki walipo. Kuwapandisha kunadai mambo ya kawaida kabisa: mwaka mmoja wa kukaimu wakiwa na mtu mzoefu pembeni, haki iliyoandikwa kwenye mkataba ya kupeleka onyo lao mbele ya baraza zima bila kuhaririwa, na lile agizo la kifungu cha 6 kuhusu watumishi wa kutosha kutimizwa kabla hawajaingia ofisini. Chini zaidi wako maelfu ya wahudumu, kati yao wazungumzaji wa Kiswahili, wanaoijua huduma kuanzia kwenye sakafu ya bafu. Tangu 22 Julai 2025 England haichukui tena wahudumu wapya kutoka ng'ambo kwa viza ya kazi hii, kwa hiyo waliopo ndio waliopo. Halmashauri isiyowajengea njia ya kusomea ustawi wa jamii wakiwa kazini inapoteza wakurugenzi wa mwaka 2040.

Haraka nayo ipo. Tume ya Louise Casey kuhusu huduma za jamii kwa watu wazima, iliyotangazwa Januari 2025, imepangiwa kutoa mapendekezo yake ya muda mrefu kufikia 2028, na yatawaangukia hawa hawa wanaotafutwa leo. Kabla ya hapo, Surrey lazima igawanye kila kitu: mikataba na makao ya wazee, mafaili ya watu wanaohudumiwa, madeni, maafisa ustawi, na foleni ya maombi ambayo hayajaguswa. Mgawanyo huo ukifanywa na wahasibu na wanasheria peke yao, mkurugenzi wa East Surrey na wa West Surrey watakabidhiwa mahesabu ambayo hawakuyaona, kisha CQC itakuja kuwauliza kwa nini hayatoshi. Wateuliwe kwanza, wakae mezani wakati mgawanyo unafanyika, wawe na sauti ya kukataa. Na tangazo litakalowaita liseme waziwazi, katika mistari yake ya juu, ni watu wangapi wanaosubiri kupimwa leo, wamesubiri muda gani, na ni fedha kiasi gani ambazo madiwani wamekwisha kukubaliana kwamba hazitaguswa.